Namba Saba na Jaribio la Kimya

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba huko kambini mvua imewaachia angalau blanketi moja kavu. Sisi hatujambo. Goti la Mama limetulia, ila bado anapanda ngazi kwa kulalamika, na ukimsaidia analalamika zaidi. Mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hataki kucheka mbele za watu. Baba anasema ameniiga mimi. Sikumjibu. Unanijua nilivyo, maneno yangu yakishafika kooni hugeuka yakarudi. Kwenye karatasi ndiko yanakopata nafasi.

Nimemaliza mtihani, na wakati nasubiri majibu Baba amenipa ukarani pale kiwandani. Meza yangu iko karibu na msumeno mkubwa. Jioni nikijifuta uso, kitambaa kinakuwa kama nimepangusa mti.

Mjomba, kazi yenyewe ina moto. Mwezi uliopita watu wa Ng'ambo walivuka daraja wakaja getini na mawe. Mlinzi alipasuliwa kichwa, nikaona ngozi imefunuka kama ganda. Wetu wa Juu, wa upande huu wa mto, wakatoka na vipande vya mbao, wakamkamata mmoja wao, wakaulaza mkono wake kwenye kizingiti cha geti na kuukanyaga mpaka ukavunjika. Nilisikia kwa ndani, ofisini kwa Baba, dirisha likiwa limefungwa. Wanachodai ni kwamba miaka kumi na miwili kiwanda hakijaajiri hata mtu mmoja wa kwao. Vumbi la mbao linavuka mto, wanasema, lakini kazi haivuki.

Sasa wamiliki wapya wameleta barua. Wanataka wafanyakazi kumi na wawili. Nusu wasipungue kutoka Ng'ambo, wanawake wawemo, na ubora usishuke hata kidogo. Baba aliisoma mezani kijiko kikiwa bado mkononi. "Nichague fundi au nichague kitenge? Nikitazama upande, nitaajiri mtu wa kukatwa na mashine. Nikitazama ubora, wataniambia napendelea ndugu zangu." Mama akamwambia, "Basi funga macho." Alikuwa anamtania, lakini mimi neno lile lilinikaa.

Nikaandika wazo langu kwenye karatasi, nikaliacha juu ya kofia yake. Kwamba wote wanaotaka kazi wavae ovaroli za aina moja, miwani na barakoa, na namba mgongoni. Wafanye jaribio kwenye mashine bila kusema chochote, kwa sababu mtu akifungua mdomo tu unajua ni wa Juu au wa Ng'ambo. Atakayetoa sauti ametoka. Wapimaji waone mikono peke yake. Orodha ya nani ni namba gani nikae nayo mimi.

Mama mmoja aliyetumwa na ofisi kuu ya wamiliki kusimamia ajira alilipenda sana. Alinishika bega mbele za watu. Hata Baba alisema, "Kumbe Sindano ana akili." Sijawahi kusifiwa hivyo, Mjomba. Nilikwenda chooni nikakaa humo kidogo.

Swali moja. Baba husema ushahidi juu ya watu wa Ng'ambo uko kwenye mkono wako wa kushoto. Ni kweli kwamba mmoja wao ndiye aliyewasha msumeno wakati unaunoa? Mama akiulizwa huondoka kwenda kuosha vyombo, hata kama ni visafi.

Mpwa wako,
Sindano

19 Machi

Sindano wangu,

Marahaba, mama. Dereva wa lori la magogo amenipa barua yako ikiwa na alama ya mkono wake wenye grisi, na nadhani kabla ya hapo aliikalia. Mimi mzima. Mpishi wetu amekimbia, tunapika kwa zamu, na zamu yangu watu husema hawana njaa. Mwambie mama yako goti haliponi kwa kulalamika, angekuwa amepona tangu utoto.

Nimelisoma wazo lako mara mbili. Lina akili, na lina uchokozi mzuri ndani yake. Watu wetu wa Juu wamezoea kuajiriwa kwa shikamoo. Mtu anaingia, anamsalimia baba yako, anamtaja shangazi wa nani, tayari ni fundi. Wafungwe mdomo waonekane mikono. Na wa Ng'ambo nao wasije wakadhani kelele za getini ni cheti. Msumeno hauulizi umevuka daraja au hukuvuka.

Lakini sikiliza. Hapo penye msumeno mkubwa watu huongea. Mashine inanguruma, ndiyo, lakini sikio la fundi huokota neno moja tu katikati ya ule mngurumo: Simama. Anayelisha gogo haoni kinachoonwa na anayepokea mbao kwa nyuma. Yule wa nyuma ndiye jicho lake. Kwa hiyo ongeza sharti. Waambie kabla hawajaanza kwamba neno hilo moja ni ruhusa kwa kila mtu, na atakayelisema hatolewi. Usiache hilo. Mwambie baba yako limetoka kwangu, hata kama atanuna.

Kuhusu mkono wangu, siku za baridi unauma. Basi.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo. Mama anakusalimu.

Barua yako ilifika siku nne baada ya jaribio. Lori lilikwama kwenye tope.

Nadhani umeshasikia kwa madereva. Tarehe ishirini na mbili, siku ya jaribio, kulitokea ajali. Namba Tatu alikuwa analisha gogo, mkono wa ovaroli yake ukanaswa na ndoano ya toroli linalobeba gogo, toroli likamvuta hadi kwenye msumeno. Mkono wa kulia umekatika juu kidogo ya kiwiko. Ni mtu wa Juu, baba wa watoto watatu, anaimba kwaya na Mama.

Aliyekuwa anapokea mbao nyuma yake ni Namba Saba. Msumeno uliposimama watu walimkuta Saba amesimama kwenye swichi. Wakamvua barakoa, wakamwamuru aseme jina lake, na aliposema wakajua ni wa Ng'ambo. Baba alipaza sauti, "Ni yaleyale ya shemeji." Hapo ndipo walipomwangukia. Walimpiga kwa vipande vya mbao vilivyokuwa vimetoka kukatwa, vingine vina ncha. Jicho moja limeharibika, madaktari wanasema halitaona. Mbavu pia. Siku ya pili yake watu wa Ng'ambo walichoma ghala la maranda na mlinzi akaungua miguu. Sasa Saba yuko hospitali, amefungwa pingu kitandani.

Mimi nilikuwepo, ila nilikuwa mbali. Sikuona vizuri.

Mpwa wako

15 Aprili

Sindano,

Nimepokea. Kidogo nikuite kwa jina lako la shule nijue kama ni wewe uliyeandika. Barua ya kwanza umeniambia mpaka rangi ya kitambaa cha kujifutia uso. Hii ya pili umeandika kama polisi.

Nakuuliza, na sikukasirikii. Kutoka msumeno mkubwa hadi meza ya karani ni hatua nne. Kwa miguu yako labda tano. Nilifanya kazi pale miaka kumi na tisa. Hapo mtu hawezi kuwa mbali, na taa iko juu yake. Uliona nini?

Na huyo Saba, kwa nini aliacha mbao zake akazunguka mashine nzima hadi kwenye swichi? Mtu anayetaka kumkata mwenzake hukaa alipo, kazi inafanyika yenyewe.

Kama hutaki kuniambia mimi, mwambie mama yako. Kama hutaki kumwambia mama yako, andika ukae nayo. Lakini usiandike tena kwamba ulikuwa mbali.

Mjomba wako

Nimesahau salamu. Wasalimie wote. Yule mdogo wako mwambie meno yataota.

28 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara tano. Hii ya tano naipeleka hata ikiwa mbaya.

Nilikuwa hatua nne. Tano kwa miguu yangu, kama ulivyosema.

Nilikuwa nimeshika ubao wa maksi na nilikuwa na furaha, Mjomba. Watu thelathini na sita hawatoi sauti, na kimya chote kile kimetoka kwangu. Kwa mara ya kwanza watu wote walikuwa kama mimi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemtoa Namba Thelathini kwa sababu alikohoa akasema "samahani". Mwanamke wa makamo, mikono mizuri sana kwenye kupima. Nilimwonyesha mlango kwa kidole na akatoka analia ndani ya barakoa. Yule mama wa ofisi kuu alinitikisia kichwa, kwamba vema, sheria ni sheria.

Halafu zamu ya Tatu na Saba. Niliona ndoano ikishika nguo. Sikujua maana yake, nilidhani itajitoa. Saba alijua. Alishusha barakoa mpaka kidevuni, akafungua mdomo, akanitazama. Mimi, Mjomba, hakumtazama Baba. Mimi ndiye niliyekuwa na ubao. Alikuwa ananiomba ruhusa kwa macho.

Nikaweka kidole mdomoni.

Akafunga mdomo. Ni muda mdogo sana, kama kupepesa jicho mara mbili. Kisha akatupa mbao akakimbia kuzunguka mashine, akapiga swichi kwa kiganja. Alizima, hakuwasha. Lakini mkono wa Tatu ulikuwa umekwenda. Damu ilinirukia kwenye ubao, ikafuta maksi za Namba Tisa. Na nilikumbuka hilo, Mjomba, kabla sijakumbuka kupiga kelele. Nilifikiria maksi za Namba Tisa.

Walipokuwa wanampiga nilikaa chini ya meza. Nilikuwa naona viatu vyao. Niliona uso wake ulipoangushwa sakafuni, na jicho lililobaki likanitazama tena. Sikusema neno. Wakati ule hakuna aliyekuwa amenikataza.

Kuna jingine. Maksi zilijumlishwa. Kati ya kumi na wawili waliopata maksi nyingi zaidi, saba ni wa Ng'ambo na watano wa Juu. Wanne ni wanawake. Hakuna aliyebebwa, mikono yao ndiyo iliyowapanga. Wa kwanza kabisa ni Namba Saba. Baba ameiona orodha. Alikaa nayo muda mrefu, akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati. Akaniambia, "Tusubiri kikao."

Kikao cha kuchunguza ajali ni tarehe ishirini Mei. Wakiamua kwamba Saba alifanya kusudi, atapelekwa mahakamani na kufungwa, na Baba amesema hataajiriwa mtu wa Ng'ambo hadi wajukuu wazeeke. Mimi ni shahidi. Baba ameniandikia cha kusoma. Kina mistari mitatu: nilikuwa mbali, nikasikia ukelele, nikamwona Saba kwenye swichi. Kila mstari unaweza kuapiwa kama hujauliza zaidi. Anasema nisome polepole, kwa sababu sauti yangu ni ndogo.

Sijui kama nitaweza kusoma kingine. Nikijaribu peke yangu chumbani, hata ukuta hausikii.

Mpwa wako

8 Mei

Sindano,

Salamu zako nimezipata. Hii inakuja na dereva mwingine, nimemlipia chakula ili asiikalie.

Nimekaa na barua yako siku tatu kwa sababu nilikuwa natafuta cha kukushauri, na kila nilichokipata kilikuwa kinanicheka. Nani amtume mwenzake kwenye ukweli, mimi? Basi soma.

Msumeno niliuwasha mwenyewe. Nilikuwa nimetoa kinga ili ninoe haraka, kwa uvivu tu, nikaegemea swichi kwa nyonga. Aliyekuwa zamu nami ni mpokeaji wa Ng'ambo, mtu mnene, mcheshi, tulikuwa tunaitana "shemeji" kwa utani ingawa hakuna aliyeoa kwa mwenzake. Ndiye aliyezima. Alivua shati akanifunga mkono, akakusanya vidole vyangu kwenye kofia yake akavipeleka hospitali akidhani vitaungwa.

Nilipozinduka, baba yako alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Akaniuliza, "Ni yule aliyewasha?"

Nikanyamaza.

Sikusema ndiyo, mama. Kwa miaka kumi na miwili nimejipoza kwa hilo, kwamba sikusema ndiyo. Niliona aibu kusema nilitoa kinga, mimi mnoaji mkuu, ningefukuzwa. Nikatazama dari. Baba yako akatoka, na jioni ile walimvunja yule mtu miguu yote miwili kwa bomba la chuma, nyuma ya ghala, mmoja akimkalia kifua. Nikaletewa habari kama zawadi. Mama yako peke yake ndiye aliyenitazama akajua, na ndiyo maana anaosha vyombo visafi. Tangu siku ile hakuajiriwa mtu wa Ng'ambo, na sababu ilikuwa mimi.

Baba yako akiuliza ubora uko wapi, mwambie aliyekuwa bora zaidi pale kiwandani alikuwa yule mnene, na walimvunja.

Ukurasa huu nimeuandika peke yake ili uweze kuutenga. Nakuomba uusome kwenye kikao. Ukisikika ukurasa huu watamwelewa Saba, na hutahitaji kusema sana juu ya kidole chako. Wewe ni mtoto. Mimi nitaubeba.

Mjomba wako

27 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Mdomo wangu una nyuzi tatu kwa hiyo nakula uji, lakini mkono wa kuandikia ni mzima. Mdogo wangu anafurahi kwamba sasa tuko wawili tusiocheka.

Kikao kilifanyika kwenye bwalo la kiwanda. Wetu walikaa kulia, wa Ng'ambo kushoto, polisi katikati na fimbo. Mama wa ofisi kuu aliongoza. Saba aliletwa na pingu, ana kitambaa jichoni. Tatu alikuwepo pia, mkono mtupu wa shati umebanwa kwa pini. Watu walikuwa wameshaanza kutukanana kabla ya viti kutosha. Mtu wa kwetu alisema, "Leteni mkono wa kumrudishia," na mtu wa upande ule akajibu kwamba jicho nalo halioti mtini.

Nilipoitwa, nilikuwa na karatasi mbili. Ya Baba mkono huu, yako mkono huu. Nikaziweka zote chini ya kiti.

Unajua shule yetu ilivyo pale darajani, asubuhi lugha ya Juu, mchana lugha ya Ng'ambo. Nilianza kwa lugha ya Ng'ambo. Nakwambia ukweli, haukuwa ushujaa. Nilidhani aibu itakuwa nyepesi katika lugha ambayo Baba haijui. Nikasema Saba aliona ndoano, akataka kupiga kelele, akaniomba ruhusa nikamkatalia. Nikawaonyesha kidole nilivyokiweka. Nikasema alizima, hakuwasha. Sauti ilitoka ndogo, lakini wote walikuwa wamenyamaza ili wanisikie.

Kisha upande wa kushoto ukalipuka. Wanawake walikuwa wanalia, mtu mmoja alikuwa anajipiga kichwa kwa ngumi. Na upande wetu wakaanza kuuliza, "Anasema nini? Huyu mtoto anasema nini?" Baba naye akaniuliza hivyohivyo.

Ikabidi niseme tena. Mara ya kwanza sikujua kitakachotokea. Mara ya pili nilijua, na nilikuwa nawatazama watu walionibeba mgongoni nikiwa mdogo. Nikasema kila kitu tena kwa lugha ya nyumbani, na kidole pia. Nikaongeza jambo moja ambalo sikuwa nimewaambia wale wengine, kwamba wakati anapigwa nilikuwa chini ya meza na mdomo wangu haukuwa na barakoa.

Kiti kilitoka kwetu. Sikukiona, nilionja chuma tu. Nilipoinuka Baba alikuwa amefika mbele, nikadhani amekuja kunikinga. Alinipiga kofi juu ya pale palipopasuka. Watu wakaanza kurushiana viti, polisi wakapiga yeyote aliyekuwa karibu. Mzee mmoja wa Ng'ambo alikanyagwa akavunjika mfupa wa bega.

Aliyewanyamazisha ni Tatu. Alipanda juu ya meza, akayumba, maana bado hajazoea uzani wake, akasema, "Mtoto hasemi uongo. Mkono wangu ulikuwa mle ndani, na niliusikia msumeno unapungua nguvu mfupani. Kama angewasha, ungeongeza nguvu. Nilijua tangu siku ile." Wakamuuliza kwa nini hakusema. Akamtazama Baba, akasema, "Mdogo wangu ameahidiwa nafasi."

Baba aliitoa orodha mfukoni mwa shati mwenyewe. Hakuna aliyemwambia. Imebandikwa ukutani ilivyo, saba na watano, na mdogo wa Tatu hayumo. Saba amefunguliwa pingu, na Namba Thelathini ameitwa arudie jaribio. Baba amesimamishwa kazi. Nyumbani hasemi na mimi, na madirisha ya mbele hayana vioo tena. Sijui walivunja wa kwetu au wa kule. Mama alifagia akasema vioo havina upande.

Saba alikuja juzi kuchukua barua ya kuajiriwa. Nilimpa mimi, hakuna karani mwingine. Nilimwambia pole, na najua neno lenyewe halitoshi hata kuanzia. Akaikunja barua yake taratibu. Akasema, "Nilikuwa na mdomo. Sikukutazama kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Nilikutazama kwa sababu nilitaka kazi." Akatoka, akagonga bega kwenye mlango kwa upande asioona.

Ukurasa wako, Mjomba, sikuusoma. Niliurudisha mfukoni, na huu hapa ndani ya bahasha. Nilitaka kuusoma. Ungenisaidia sana, na nadhani ulijua hivyo. Lakini ningejificha nyuma yako kama nilivyojificha chini ya meza, na wewe ungejificha nyuma ya mtoto.

Yule mtu mnene yupo hai. Nilimuulizia Ng'ambo. Anatengeneza viti vidogo akiwa amekaa, na bado ni mcheshi, wanasema, ila ukitaja kiwanda hunyamaza. Nyumba yake ni ya tatu ukishavuka daraja, mlango hauna kizingiti ili kigari chake kipite.

Mama amekutandikia kitanda, hakusema ni cha nani. Basi la huko linafika hapa Jumatano na Jumamosi, saa nne asubuhi. Nitakuwepo kituoni zote mbili, kila wiki.

Mpwa wako